Risiva ya Bunduki: Kipande cha Chuma Ambacho Sheria Inakiita Bunduki Kamili

Kila anayefanya biashara ya magari ya mtumba anajua kwamba gari ni chesisi. Injini hubadilishwa, milango hubadilishwa, hata bodi hupakwa rangi mpya, lakini namba iliyogongwa kwenye chesisi ndiyo inayosajiliwa na ndiyo inayoulizwa bandarini. Chesisi ikiwa na kasoro, gari zima lina kasoro.

Bunduki nazo zina chesisi yake. Nchini Marekani kipande hicho huitwa risiva kwa bunduki ndefu na fremu kwa bastola. Kikiwa peke yake, bila mtutu, bila kitako na bila kifyatulio, kinafanana na spea yoyote ya aluminiamu au chuma. Hakiwezi kupiga risasi. Lakini kwa sheria ya Marekani kipande hicho tayari ni bunduki, na kwa sheria za nchi zetu kinahesabika vivyo hivyo au karibu na hivyo.

Makala hii inaeleza jinsi risiva tupu zinavyonunuliwa Marekani na watu wanaotaka kuunda bunduki baadaye, jinsi majimbo yenye masharti makali yanavyozibana, na kwa nini jambo hili linamhusu mfanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura anayepokea mizigo kutoka huko.

RISIVA NI NINI

Risiva ni sehemu inayoshikilia mitambo ya bunduki. Katika bunduki za aina ya AR-15, ambazo ni maarufu sana Marekani, kuna nusu mbili zinazoungana. Nusu ya juu hubeba mtutu na bolti. Nusu ya chini hubeba kifyatulio na mahali pa kuchomeka magazini. Nusu ya chini ndiyo yenye namba ya utambulisho, na ndiyo bunduki mbele ya sheria ya serikali kuu. Nusu ya juu huuzwa ndani ya Marekani kama kipuri, isipokuwa pale ambapo jimbo lina masharti yake.

Si bunduki zote ziko hivyo. Katika bastola ya SIG P320, kwa mfano, kipande chenye namba ni kiunzi kidogo cha chuma kilichomo ndani ya mshiko. Mshiko wenyewe wa plastiki, ambao mtu wa kawaida angedhani ndiyo bastola, ni kipuri tu. Kwa hiyo umbo na ukubwa havisemi kitu. Kinachosema ni sheria na namba iliyochongwa.

KWA NINI WATU HUNUNUA RISIVA TUPU

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni bei: risiva tupu ya AR-15 huweza kupatikana kwa chini ya dola 100, na mnunuzi hukusanya sehemu nyingine polepole kadiri anavyopata fedha. Ya pili ni uchaguzi: mtu anachagua mtutu, kitako na kifyatulio anavyopenda. Ya tatu ni hofu ya sheria. Inaposikika kwamba jimbo linataka kupiga marufuku aina fulani ya bunduki, watu hukimbilia kununua risiva na kuziweka kabatini, wakiamini kwamba aliyeipata mapema atakuwa salama.

Sababu hii ya tatu ndiyo inayowaponza wengi, kama tutakavyoona.

SHERIA YA SERIKALI KUU

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inataja waziwazi kuwa neno bunduki linajumuisha fremu au risiva. Kutokana na hilo, duka lenye leseni ya serikali kuu linapouza risiva tupu hufuata taratibu hizi:

1. Mnunuzi hujaza fomu namba 4473. Risiva tupu huandikwa katika kundi la "nyinginezo", kwa kuwa bado si bunduki ndefu wala bastola.

2. Jina lake hupelekwa katika mfumo wa taifa wa kuchunguza rekodi za wanunuzi, ulioanza kufanya kazi mwaka 1998.

3. Mnunuzi lazima awe na umri wa miaka 21. Bunduki ndefu iliyokamilika, kwa sheria ya serikali kuu, huweza kuuzwa kwa mwenye miaka 18, lakini risiva tupu haipati nafuu hiyo.

4. Mnunuzi lazima awe mkazi wa jimbo lilipo duka. Akiagiza kutoka jimbo jingine, risiva hutumwa kwanza kwa duka lenye leseni katika jimbo lake, na huko ndiko hujaza fomu na kuchunguzwa.

Mtu anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kuunda bunduki kwa matumizi yake mwenyewe. Akianza kuunda kwa ajili ya kuuza, hiyo ni biashara na inahitaji leseni ya mtengenezaji. Vilevile kuna mipaka ya urefu: bunduki ya kuegemeza begani yenye mtutu chini ya inchi 16 inaingia katika Sheria ya Taifa ya Bunduki ya mwaka 1934 na inahitaji kibali kabla ya kuundwa. Tangu Januari 1, 2026 kodi ya dola 200 kwa aina hiyo imeondolewa, lakini kibali chenyewe bado kinatakiwa.

NANI HARUHUSIWI KUNUNUA

Hapa ndugu zetu walioko Marekani wasikilize kwa makini. Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, matembezi au kazi ya muda, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Kuna vighairi vichache, kama vile mwenye kibali halali cha uwindaji cha jimbo. Asiye na hati halali za ukaaji haruhusiwi kabisa. Mwenye kadi ya kijani ya ukaaji wa kudumu anaweza kununua akitimiza masharti mengine.

Kwa kuwa risiva ni bunduki, katazo hilo linaihusu hata kama ni kipande kitupu ndani ya boksi. Mwanafunzi anayesema "nilinunua spea tu" hana utetezi.

Kosa jingine ni kununua kwa niaba ya mtu. Fomu namba 4473 inauliza kama anayejaza ndiye mnunuzi halisi. Mwaka 2014, katika kesi ya Abramski, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kudanganya katika swali hilo ni kosa hata kama yule anayenunuliwa angeweza kununua mwenyewe kihalali. Tangu mwaka 2022 kuna sheria maalumu juu ya ununuzi wa namna hii, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Kwa hiyo ombi la simu la "nichukulie kipande kimoja, nitakutumia hela" ni ombi la kumtia ndugu yako gerezani.

SHERIA ZA MAJIMBO

Juu ya sheria ya serikali kuu kila jimbo lina sheria zake. Majimbo yenye masharti makali hutumia njia tofauti:

- Kutaja kwa majina. Jimbo huorodhesha watengenezaji na aina. Risiva yenye jina lililotajwa huwa marufuku hata ikiwa tupu.

- Kutaja kwa sifa. Risiva tupu inaweza kuwa halali, lakini ukiifunga vitu fulani kwa pamoja, kama mshiko wa mtindo wa bastola, kitako cha kukunja na magazini ya kuchomoa, inageuka silaha iliyokatazwa. Kosa linatokea mezani siku ya kuiunda.

- Kuzuia biashara. Jimbo la Washington lilipitisha sheria Aprili 25, 2023 inayozuia kutengeneza, kuingiza, kusambaza na kuuza silaha za aina hiyo. Waliokuwa nazo hawakunyang'anywa. Lakini "kutengeneza" kumo katika katazo, hivyo mwenye risiva tupu hawezi kujiona sawa na mwenye bunduki iliyokamilika.

- Kusajili kwa tarehe. New York, kwa sheria yake ya Januari 2013, iliwataka wenye silaha za aina hiyo kuzisajili kabla ya Aprili 15, 2014. Illinois, kwa sheria ya Januari 2023, ilitaka tamko la umiliki kabla ya Januari 1, 2024.

Kuna pia masharti ya kawaida ya ununuzi. California ina muda wa kusubiri wa siku 10, na tangu Julai 1, 2024 inatoza kodi ya ziada ya asilimia 11 kwa wauzaji wa bunduki, sehemu zake za msingi na risasi.

NIA HAISAJILIWI: MIFANO MIWILI

Mfano wa kwanza ni wa taifa zima. Kuanzia Septemba 13, 1994 hadi Septemba 13, 2004 Marekani ilikuwa na katazo la bunduki zilizoitwa za kivita. Zilizokuwapo kabla ya tarehe ya kwanza ziliruhusiwa kuendelea. Wengi walidhani risiva iliyotengenezwa kabla ya tarehe hiyo inatosha. Haikutosha. Msimamo wa idara ya ATF, inayosimamia bunduki, ulikuwa kwamba siku ile bunduki iwe tayari imeundwa katika umbo lililokatazwa, au iwe seti kamili ya sehemu zote. Risiva iliyokuwa peke yake kabatini haikupata msamaha, hata kama ilitengenezwa miaka mingi kabla.

Mfano wa pili ni California. Jimbo hilo lilitaja bunduki kwa majina mwaka 1989, na kuanzia Januari 1, 2000 likaongeza sifa. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwaka 2006 wanunuzi waligundua kuwa risiva za watengenezaji wengi zilikuwa hazimo katika orodha. Wakazinunua kwa wingi. Baadhi walitarajia serikali ingeongeza majina hayo na kufungua usajili, kisha wao wangeingia kama wamiliki wa awali. Badala yake jimbo lilipitisha sheria ya AB 2728 mwaka 2006, iliyomaliza utaratibu wa kuongeza majina katika orodha. Usajili waliousubiri haukuja.

Walichofanya wengi ni kuziunda kwa kufunga kitufe cha magazini kinachobonyezwa kwa ncha ya risasi au kifaa kingine, ili magazini isihesabiwe kuwa ya kuchomoa kwa mkono. Ilikuwa halali kwa miaka kadhaa. Kisha zikaja sheria za mwaka 2016. Kuanzia Januari 1, 2017 bunduki za kitufe hicho zikaingizwa katika zilizokatazwa, na waliozimiliki zikiwa katika umbo hilo hadi Desemba 31, 2016 wakapewa hadi Juni 30, 2018 kuzisajili.

Na yule aliyenunua risiva mwaka 2006 akaiacha tupu miaka kumi? Risiva yake ilibaki halali, lakini hakuwa na cha kusajili, kwa sababu bunduki anayotaka kuisajili haikuwahi kuwapo. Aliweza tu kuiunda kwa umbo jingine linaloruhusiwa, kwa mfano magazini isiyochomoka.

Somo la mifano yote miwili ni moja. Sheria mpya ikija humwangalia mtu ana nini siku hiyo. Haiangalii alikusudia kuunda nini. Anayenunua risiva kwa ajili ya baadaye ananunua kipande hicho tu. Haki ya kukiunda atakavyo hainunui.

RISIVA AMBAZO HAZIJAKAMILIKA

Kuna vipande vinavyouzwa vikiwa vimebakiza kazi kidogo ya kutoboa na kukata. Kwa miaka mingi viliuzwa bila namba wala uchunguzi wa mnunuzi. Kanuni ya ATF iliyoanza Agosti 24, 2022 iliingiza baadhi ya vipande na seti hizo katika maana ya bunduki. Machi 26, 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya VanDerStok, iliikubali kanuni hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Majimbo kama California na New York yana makatazo yao ya ziada. Msafirishaji asidanganywe na maneno "haijamalizwa kutengenezwa".

KUSAFIRISHA NDANI YA MAREKANI

Madereva wa malori kutoka kwetu wanaofanya kazi Marekani wajue mambo mawili. Kwanza, ni kosa kumkabidhi msafirishaji wa umma kifurushi chenye bunduki kinachovuka jimbo kwenda kwa mtu asiye na leseni bila kumwarifu msafirishaji kwa maandishi. Risiva tupu inahesabika humo.

Pili, sheria ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayepita katika jimbo lenye masharti makali akiwa na bunduki halali anakotoka na halali anakokwenda, mradi haina risasi na iko mahali asipoweza kuifikia kwa urahisi. Ulinzi huo ni wa kupita. Haumsaidii anayeshuka na kukaa, wala anayepeleka kwa mteja katika jimbo lililokataza.

KUTOKA MAREKANI KUJA KWETU

Hadi mwaka 2020 usafirishaji nje wa bunduki za kawaida na vipuri vyake ulisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kuanzia Machi 9, 2020 sehemu kubwa ilihamia Wizara ya Biashara. Risiva na fremu za bunduki za kawaida ziko katika kundi la 0A501 la orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa, pamoja na zile zilizomwagwa kalibu au kufuliwa tu bila kumalizwa. Hata mtutu, bolti na kifyatulio, ambavyo ndani ya Marekani huuzwa kama vipuri vya kawaida, vimo katika kundi hilo vinapotoka nje ya nchi.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanaona kitu kinauzwa wazi dukani, wanadhani kinaweza kuwekwa ndani ya pipa la nguo. Kuvunja sheria ya udhibiti wa mauzo ya nje ya mwaka 2018 kwa kukusudia kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya hadi dola milioni moja kwa kila kosa.

KUINGIA AFRIKA MASHARIKI

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya ushuru katika bidhaa zenye masharti. Sura hiyo ina kichwa cha 9305, ambacho ni sehemu na vifaa vya silaha. Kwa hiyo risiva tupu haiwezi kupita kama kipuri cha gari cha kichwa 8708 wala kama "vyuma mchanganyiko".

Anayeingiza bidhaa zenye masharti kinyume cha utaratibu anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Tamko la uongo la forodha ni kosa la peke yake. Na gari lililotumika kubeba linaweza kutaifishwa.

Zaidi ya forodha kuna sheria za silaha za kila nchi. Kenya, Sheria ya Silaha Sura ya 114 inahesabu sehemu ya bunduki kuwa bunduki. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Nchi hizi tatu pia ni wanachama wa Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya Silaha ya mwaka 2001, ambayo inataja fremu na risiva kwa jina katika sehemu za msingi za bunduki. Kanda yetu ina Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo ndogo, inayosimamiwa na kituo cha RECSA kilichoko Nairobi.

Mzigo unaoendelea hadi Sudan Kusini au Kongo una hatari zaidi. Sudan Kusini iliwekewa vikwazo vya silaha na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Kwa Kongo vikwazo dhidi ya makundi yenye silaha vilianza mwaka 2003. Kipande kimoja ndani ya lori la transiti kinaweza kugeuza kesi ya ushuru kuwa kesi ya usalama.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa wanaokusanya mizigo ya kontena la kuchangia, mawakala wa forodha na madereva:

1. Usikubali neno "spea" peke yake katika orodha ya mizigo. Taka jina la kitu, idadi, na kimetoka mashine gani.

2. Angalia namba. Kipande cha chuma au aluminiamu chenye jina la mtengenezaji, mji na jimbo la Marekani, namba na alama ya ukubwa wa risasi si kipuri cha gari.

3. Kama mteja anasema ana kibali, taka nakala mbili: leseni ya kutoa Marekani na kibali cha kuingiza cha nchi mzigo unakokwenda. Kimoja bila kingine hakitoshi.

4. Andika jina na kitambulisho cha kila aliyeweka mzigo katika kontena. Kontena likikamatwa, wa kwanza kuulizwa ni aliyeandikwa kwenye hati ya shehena.

5. Ukigundua kipande cha namna hii mzigo ukiwa umeshafika, usikiguse, usikirudishe kwa mteja na usikifiche. Toa taarifa kwa forodha au polisi kabla ya tamko kuwasilishwa.

6. Dereva akabidhiwe nakala ya orodha ya mizigo, na lakiri ikaguliwe mbele yake kabla ya kuondoka bandarini. Kifurushi cha njiani cha "nifikishie tu Malaba" au "niachie Rusumo" kisipokelewe bila kufunguliwa.

Kwa ndugu walioko Marekani ushauri ni mfupi: kabla ya kununua, soma sheria ya jimbo lako ya leo, uliza duka lenye leseni au wakili, na uhakikishe hali yako ya uhamiaji inakuruhusu. Kisha kinachonunuliwa Marekani kwa matumizi ya Marekani kibaki Marekani. Kipande cha dola 100 hakistahili kumgharimu mtu kadi yake ya ukaaji, wala kumgharimu mwenzake wa huku lori lake.